Maswali yenu: Eno ya kila usiku, vidonge vya kichwa, na chupa inayotibu kila kitu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu dawa ambazo mtu hununua bila cheti cha daktari. Kabla sijaanza, naomba kila msomaji ajizoeze jambo moja: geuza boksi usome maandishi madogo ya nyuma. Jina kubwa la mbele ni la biashara. Kinachofanya kazi mwilini, kizuri au kibaya, kimeandikwa nyuma.

Habari za kazi, mfamasia. Nina miaka 58 na natumia dawa za presha. Nikila usiku nashikwa na kiungulia, nakunywa Eno natulia. Sasa imekuwa kila siku. Kuna madhara? (Msomaji, Morogoro)

Shikamoo mzee wangu. Eno ni dawa ya siku nyingi. James Crossley Eno, mfamasia wa Newcastle, Uingereza, aliianzisha karne ya 19, na kanuni yake haina siri: sodiamu baikaboneti, ndugu wa karibu wa magadi yetu ya maharage, pamoja na asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau. Vikikutana na maji vinatoa povu la gesi. Ukinywa, asidi ya tumbo inapungua makali, unacheua, unapata nafuu. Ila nafuu hiyo haikai, ndiyo maana kesho unaitafuta tena.

Shida kwako ni sodiamu. Pakiti moja ya gramu 5 ina zaidi ya miligramu 800, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, chakula chote kikihesabiwa. Asubuhi unameza dawa ya kushusha presha, usiku unakunywa chumvi ya kuipandisha. Acha Eno. Kula mapema, zipite saa tatu kabla ya kulala, na inua kitanda upande wa kichwani. Vidonge vya magnesium vya kutafuna vitakufaa kwa siku chache, lakini onyesha kwanza dawa zako za presha pale duka la dawa, na usivimeze pamoja na dawa nyingine. Acha saa mbili katikati.

Halafu nenda hospitali hata kama umepata nafuu. Kiungulia cha kila siku katika umri wako kinahitaji kuchunguzwa, na kama chakula kinakwama kooni, unakonda, au choo kimekuwa cheusi kama lami, usisubiri wiki iishe. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima, yakakutoa jasho na kupanda taya au mkono, hayo yanaweza kuwa moyo. Hapo wahi siku hiyohiyo.

Dada mambo. Mimi ni bodaboda, mgongo unaniuma nameza diclofenac, na kichwa kikigonga naongeza vile vidonge vya dukani vya mbili mbili. Tumbo linawaka moto. Nimepewa omeprazole ya kupunguza asidi, nikiacha linarudi. Je, nina vidonda vya tumbo? (Dodoma)

Huenda, na huenda unavitengeneza mwenyewe kila siku. Ukuta wa tumbo una ute unaoukinga na asidi. Diclofenac na aspirini huzuia mwili kutengeneza vitu vinavyotunza ute huo. Soma nyuma ya vidonge vyako vya kichwa: vingi vya aina hiyo ni mchanganyiko wa aspirini, paracetamol na kafeini. Maana yake unakula dawa mbili zinazochubua tumbo, kisha unatafuta ya tatu ya kulipoza. Acha zote mbili leo. Kwa mgongo tumia paracetamol peke yake, na mwone daktari kuhusu mgongo wenyewe, maana madhara ya kukaa juu ya pikipiki kutwa hayataisha kwa kidonge.

Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni bakteria anayeitwa *Helicobacter pylori*. Miaka mingi madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kimiminika chenye bakteria hao ili kuonyesha kwamba wanaweza kuliuguza tumbo lenye afya, na akaugua kweli. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nakueleza haya kwa sababu mpaka leo naona watu waliokula omeprazole kwa miaka bila kupimwa bakteria huyu, wakati anatibika: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na dozi inamalizwa.

Omba kipimo cha choo. Kile cha damu kinaweza kubaki kikisema unaye hata baada ya kupona, watu wakatibiwa upya bure. Lakini omeprazole huficha majibu, hivyo inabidi uiache wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki wiki nne. Panga hilo na daktari wako. Maziwa yanapoza kwa muda tu, kisha tumbo linaamka na kutoa asidi zaidi.

Mwanangu wa wiki sita analia jioni mpaka usiku, mama mkwe anasema ni chango, nimpe gripe water. Nimpe? (Tanga)

Hapana, mdogo wangu, na mweleze mama kwa upole kwamba si kwa kumdharau. Dawa hii ilianzia kwa William Woodward, Nottingham, mwaka 1851, na mapishi ya mwanzo yalikuwa na pombe na sukari. Si ajabu watoto walinyamaza. Siku hizi pombe imeondolewa katika nyingi, lakini faida yake kwa mtoto mchanga haijathibitika, na mtoto wa chini ya miezi sita anatakiwa maziwa ya mama tu. Kilio cha namna hii huwa kinazidi karibu na wiki ya sita, kisha hupungua akikaribia miezi mitatu au minne. Mcheulishe kila baada ya kunyonya, mbebe kifuani, na mpokezane usiku, baba akiwemo. Akitapika kijani, akipata homa, akitoa damu kwenye choo au akikataa kunyonya, hospitali mara moja.

Je, soda inasaidia tumbo lililojaa gesi?

Inakuongezea gesi, kisha unaicheua na kudhani umepona. Imani hiyo ina chimbuko: John Pemberton wa Atlanta, Marekani, alipotoa Coca-Cola mwaka 1886 aliinadi kama dawa, na Pepsi nayo ilitoka kwa mfamasia, Caleb Bradham, ikasifiwa kwamba inasaidia kusaga chakula. Ni vinywaji vya sukari. Kwa tumbo lililojaa, tembea kidogo.

Nikiharisha nameza Flagyl vidonge viwili inakata. Mtoto naye nimpe nusu?

Tafadhali usimpe. Kuharisha kwingi hukata kwenyewe baada ya siku chache, wewe unaishukuru Flagyl. Kinachoua mtoto ni kuishiwa maji na chumvi. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kidogo kidogo kwa kijiko, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi sita miligramu 10. Aendelee kunyonya na kula. ORS ikikosekana kabisa, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Choo chenye damu, macho yaliyoingia ndani, mtoto mlegevu: hapo ni kituo cha afya. Dawa za kufunga choo ghafla si za watoto.

Bibi yangu alikuwa hawezi kuinuka kwa magoti. Tulimnunulia chupa ya mitishamba stendi, wanasema inatibu magonjwa 40. Ndani ya siku tatu akatembea. Sasa miezi minne, uso umejaa kama mwezi na sukari imepanda. Inahusiana? (Mwanza)

Naogopa kwamba inahusiana, na nataka ulichukulie hili kwa haraka. Magoti yaliyochoka miaka hayafunguki kwa siku tatu kwa majani. Uso kujaa, sukari kupanda na nafuu ya ghafla vinanifanya nishuku steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, kama dexamethasone au prednisolone, iliyosagwa na kutiwa humo kimyakimya. Sehemu nyingi duniani wakaguzi wamekuta dawa za hospitali ndani ya bidhaa zilizoandikwa asili tupu.

Usimwachishe ghafla! Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Mpelekeni hospitali na chupa mkononi, msione aibu, daktari ataipunguza kwa hatua.

Sipingi tiba asili. Tanzania ina sheria yake tangu 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa zao, na muuzaji mkweli hatakuficha usajili. Ninachopinga ni chupa isiyosema kilichomo. Wamarekani waliteswa na chupa kama hizo, zenye mofini na pombe, watoto wakinyweshwa, mpaka mwandishi Samuel Hopkins Adams alipozianika mwaka 1905, na mwaka uliofuata sheria ikalazimisha viambato hivyo vitajwe kwenye lebo. Bibi yako naye ana haki ya kujua alichonyweshwa.

Nina mafua na homa. Naweza kumeza vidonge vya mafua pamoja na Panadol?

Soma nyuma ya pakiti ya mafua. Ukiona paracetamol, usiongeze Panadol, ni kitu kilekile. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe apunguziwe na daktari. Vingi vya mafua pia vinaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe. Na homa ikiwa ipo, kapime malaria.