Kuacha mshahara mkubwa ili nikae na wanangu: je, ni kukufuru neema?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni fundi umeme, kwetu Tanga. Huu mwaka wa sita nafanya kazi mgodini mkoani Geita kwa mikataba ya miezi mitano mitano. Mkononi napata shilingi 1,600,000 kwa mwezi. Chumba na chakula huku vinakula kama 450,000. Mkataba ukiisha narudi nyumbani, nakaa mwezi mzima bila mshahara nikisubiri kuitwa. Sasa nimepata ajira ya kudumu kwenye taasisi moja ya umma hapohapo Tanga, mshahara baada ya makato ni 780,000. Nina mke, watoto wawili na mama mzazi. Safari iliyopita mwanangu wa miaka minne aliambiwa “baba amekuja”, akakimbilia ndani kuchukua simu. Wajomba zangu wanasema nakufuru neema, wananisomea “Mkishukuru nitakuzidishieni”. Mke wangu anasema uamuzi ni wangu, ila matofali kule kiwanjani Pongwe yameshaota majani. Mkataba wangu umebakiza miezi miwili, na kazi mpya wananitaka mwezi ujao. Wenzangu wananishauri niseme mama amezidiwa ili niachiwe. Istikhara, swala ya kuomba mwongozo, nimeswali mara tatu, sijaota kitu. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Wajomba zako wamesoma aya sahihi, iko katika Sura Ibrahim, aya ya 7, lakini wameishusha pasipo pake. Kushukuru neema ni kukiri kwamba imetoka kwa Mwenyezi Mungu na kuitumia katika anayoyaridhia. Hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyesema kwamba mtu akishapata ujira wa kiwango fulani ni haramu kwake kuchukua kazi yenye ujira mdogo. Kukaa na mke ni neema, mama aliye hai ni neema, na huyo mtoto aliyekimbilia simu ni neema pia. Mbona hizo hawakuzihesabu?

Iko hadithi nataka ukae nayo. Malik bin al-Huwayrith, radhi za Allah zimwendee, anasimulia katika Sahihi al-Bukhari kwamba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakiwa vijana wa rika moja, wakakaa kwake siku ishirini. Anasema Mtume alikuwa mpole, mwenye huruma. Alipoona wameanza kuwatamani watu wao, akawauliza wamewaacha akina nani nyumbani, wakamweleza. Akawaambia: “Rudini kwa ahali zenu, mkae nao, muwafundishe.” Angalia walikuwa wapi: Madina, mbele ya Mtume mwenyewe, wakichota elimu. Hawakuambiwa wavumilie. Hata hawakuomba ruhusa. Ni yeye aliyewasoma nyusoni. Wewe uko mgodini mwaka wa sita.

Na katika Bukhari na Muslim, Abu Hurayra amepokea kwamba safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake; basi akishamaliza haja yake, aharakishe kurudi kwa ahali zake. Swali la kujiuliza ni kama haja iliyokupeleka Geita ingali pale, au imeshakuwa mazoea tu.

Mimi si mhasibu, lakini nilikaa na kalamu nikapiga hesabu yako. Miezi kumi kwa 1,600,000 ni milioni 16. Toa chumba na chakula, milioni 4 na nusu. Toa nauli za Geita na Tanga na zawadi za njiani, tuseme 600,000 kwa mwaka. Inabaki 10,900,000, ambayo ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni kama 908,000. Kazi ya Tanga ni 780,000 kila mwezi. Kumbe ile nusu ya mshahara wanayoilia wajomba ni pungufu la kama 128,000. Ongeza nauli yako ya kwenda kazini na sahani yako mezani, huenda likakaribia laki mbili. Si fedha ndogo kwa nyumba ya watu watano, sikudanganyi. Ila si janga.

Lililo wajibu juu yako ni matumizi ya mke na watoto kwa wema, na mama yako ikiwa hana cha kumtosha. Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kuwapoteza anaowajibika kuwalisha. Kama 780,000 inawalisha, inawavisha na kulipia shule, wajibu umetimia, kwa neno lake Mwenyezi Mungu katika Sura At-Talaq: mwenye wasaa atoe kadiri ya wasaa wake. Misaada unayowapa ndugu wengine ni kuunga udugu, ina thawabu kubwa, lakini hupimwa kwa uwezo. Huenda kelele nyingine zinatoka hapo. Waambie mapema na kwa adabu kwamba mkono utapungua.

Mkeo je? Amekwambia uamuzi ni wako, halafu akataja matofali. Usiichukue nusu ya kwanza ukaiacha ya pili. Yeye amebeba upweke wa miaka sita akiamini mwishoni kuna nyumba. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke huweza kumsubiri mumewe, na kwa jibu lake akawawekea askari kikomo cha kukaa mbali. Khalifa mzima alikwenda kuuliza kwa mwanamke; nawe kaa na mkeo, mwoneshe hizo hesabu, mkubaliane nyumba itasimama lini hata kama ni chumba kimoja kwanza.

Sasa la mkataba, na hapa sina upole. Mwenyezi Mungu amesema mwanzoni mwa Sura Al-Maida: “Enyi mlioamini! Timizeni mikataba.” Haijalishi mwajiri ni Mwislamu au si Mwislamu. Kwa wanavyuoni wengi mkataba wa kazi unawafunga pande zote mbili. Upande mmoja hauuvunji kwa kuwa umepata pazuri zaidi. Kwa hiyo utoe mkataba wako, usome kifungu cha notisi. Kama mmeandikiana kwamba kila upande unaweza kuondoka kwa notisi ya siku kadhaa, hilo ni sharti mlilokubaliana, na Waislamu wako juu ya masharti yao. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Andika barua, kabidhi kazi na vifaa, uondoke umenyooka. Kama kifungu hicho hakipo, nenda kwa mkuu wako umwombe akuachie; akikubali, hiyo ndiyo iqala wanayoitaja mafakihi, na mkataba umekwisha kwa ridhaa. Akikataa, waandikie Tanga wakusogezee tarehe. Waajiri wengi hukubali wakielezwa ukweli.

Hilo la kusema mama amezidiwa liache kabisa. Ni uongo, na utaingia kwenye riziki mpya ukiwa umeifungua kwa uongo, tena kwa kumtumia mama ambaye ndiye mmoja wa sababu zako za kurudi. Na siku akizidiwa kweli, utasema nini?

Nikuonye jambo moja ambalo hukuniuliza. Mtu akishapata ajira ya kudumu, hata barua haijakauka wino, anaanza kufuatwa na watu wa mikopo ya watumishi. Utaambiwa nyumba ya Pongwe itaisha ndani ya mwaka, makato yatakwenda yenyewe kwenye mshahara. Nimewasikiliza walimu wanaobaki na theluthi ya mshahara kwa miaka saba. Mkopo wa riba ni riba, ajira iwe ya kudumu au ya kibarua. Ukihitaji, tafuta benki yenye dirisha la Kiislamu, nako uliza masharti kabla ya kutia saini.

Ama istikhara, Jabir (r.a.) ametupokelea namna yake, na ndani ya hadithi hiyo hamna ndoto. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, dua, kisha unaingia katika jambo. Likiwa na kheri litakusahilikia, likiwa na shari utaepushwa nalo. Umeswali mara tatu, inatosha. Usiku wa leo lala, asubuhi ukasome kile kifungu cha notisi.

Wallahu aalam.