Nakula, kisha najitapisha: kuongea tu kutanisaidia nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nafanya kazi mapokezi hotelini hapa Arusha. Mchana sili, nakunywa chai ya kupunguza tumbo. Usiku nikirudi chumbani Sakina nakula wali, chapati, hata mkate mzima, halafu najitapisha. Mwaka sasa, na wala sijapungua. Nimeambiwa nimwone mwanasaikolojia. Kuongea tu kutanisaidia nini? Na Kwaresma nifunge?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kapime damu. Kutapika na hiyo chai vinamaliza potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Moyo ukianza kurukaruka, misuli ikilegea au ukizimia, usingoje miadi, nenda dharura. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru; wakiona unahitaji zaidi, watakuandikia rufaa ya KCMC, Moshi. Ila sema wazi kwamba unajitapisha. Ukisema "tumbo linanisumbua", utarudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo.

Unayoyaeleza yanafanana sana na bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Tiba yake iliyofanyiwa utafiti zaidi ni ya mazungumzo, na muundo uliotengenezwa Oxford na daktari wa akili Christopher Fairburn huchukua takriban vikao 20 ndani ya wiki 20. Lakini si kuongea tu. Utakuwa na daftari: umekula nini, saa ngapi, ukiwa wapi, na nini kilikuwa kichwani kabla hujaenda chooni. Mizani utapanda mara moja kwa wiki, mbele ya mtaalamu.

Kisha utaambiwa ule. Uji asubuhi, makande mchana, ndizi mbivu saa kumi, chakula cha usiku; usikae zaidi ya saa nne bila kitu tumboni. Hapa ndipo wengi wanapogoma, na siwalaumu, maana wanaogopa kunenepa. Lakini kile unachokiita ulafi wa usiku si uroho. Ni mwili ulionyimwa mchana kutwa unakuja kudai chake. Ukilipwa mchana, usiku hautakusumbua namna hiyo, na hamu ya kutapika hupungua nayo.

Chai yenyewe, kama ina sena, majani ya kuharisha, inasukuma utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unapoteza maji na chumvi, basi. Ukiiacha unaweza kuvimba miguu siku chache. Ni maji yanarudi, si mafuta.

Habari ya kioo, yaani unavyouona mwili wako, huja baadaye. Mtaalamu hatabishana nawe kama u mzuri au la. Atakuuliza unajishika tumbo mara ngapi kwa siku, unajilinganisha na nani, na ufanye nini shangazi akikusalimia kwa "umenenepa!" na wiki ijayo "umekonda, unaumwa?" Sisi watu wa huku salamu zetu nazo!

Daktari anaweza kuongeza fluoksetini, dawa itumikayo pia kwa sonona, kwa kawaida miligramu 60 kwa siku, kipimo kikubwa kuliko cha kuanzia cha sonona. Usijinunulie.

Kwaresma hii usifunge. Mweleze padri; mgonjwa halazimiki kufunga, na toba ina njia nyingine. Na ukitapika, usipige mswaki papo hapo, asidi imeshalainisha meno. Sukutua kwa maji kwanza.