Sindano tatu za wiki ya 14

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza mambo matatu: kama sindano tatu za chanjo kwa siku moja hazitamzidi mtoto nguvu, kama ile sauti inayozungushwa WhatsApp kwamba chanjo huleta usonji ina ukweli, na kama kuna ubaya kusubiri mpaka atimize mwaka, kama anavyoshauri mkweo. Mwishoni ukachomeka na lile la chanjo kuharibu uzazi. Naanza na kusubiri, maana kliniki ni Jumanne.

Usisubiri. Kifaduro huwaua hasa wachanga wa miezi ya mwanzo. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo kisha akavuta pumzi kwa mlio. Huyu wako hata kukohoa anaweza asikohoe, anaacha tu kupumua na midomo inageuka bluu. Ndiyo maana penta, sindano moja yenye chanjo tano ikiwemo ya kifaduro, inaanza wiki ya 6, inarudiwa ya 10, kisha ya 14. Dozi ya kwanza inaamsha mwili tu, kinga ya kutegemea inakuja baada ya ya tatu. Ukimngoja atimize mwaka utakuwa umemwacha wazi katika miezi ile ile ambayo ugonjwa unamtafuta. Surua ndiyo inayongoja hadi miezi 9, na sababu yake ni nyingine: kinga aliyotoka nayo tumboni mwako bado imo damuni, ingeizima chanjo kabla haijafanya kazi. Na ikitokea umechelewa, haianzwi upya. Unaendelea pale ulipoishia, ila kati ya dozi na dozi zisipungue wiki 4.

Sindano tatu ni hizi: penta paja la kushoto, ya kichomi paja la kulia, na ya polio hapo hapo kulia, kwa umbali wa kama sentimita 2.5 ili uvimbe wa moja usichanganyike na wa nyingine. Kila moja ni nusu mililita. Juu yake matone mawili ya polio mdomoni. Mwili wake hauzidiwi. Tangu azaliwe anakutana na vijidudu kwenye ngozi yako, kwenye kanga, kwenye vidole vya kaka yake anavyovinyonya, na vyote hivyo kinga yake inavishughulikia kwa pamoja. Ukizigawa siku tatu hujampunguzia chochote, umemwongezea vilio viwili na nauli mbili.

Usonji sasa. Habari hiyo ilianzia Uingereza mwaka 1998, kwa makala ya daktari Andrew Wakefield katika jarida la tiba la The Lancet, iliyohusisha usonji na chanjo yenye surua. Ilihusu watoto 12 tu. Baadaye ikabainika taarifa zao zilipotoshwa; mwaka 2010 jarida likaifuta makala, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa kwenye rejesta ya madaktari. Wadenmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa surua hawakupata usonji kuwazidi wasiochanjwa. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda. Dalili za usonji huanza kuonekana wazi mwaka wa pili, mtoto asipoitika jina au asipoanza maneno, na chanjo ya pili ya surua na rubella hutolewa miezi 18. Mambo mawili yakigongana mwezi mmoja, la kwanza linabebeshwa la pili.

Kuhusu uzazi, mwambie mkweo kwa heshima, na usimcheke, kwa sababu hakulitunga yeye. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuzuia mimba. Wizara ya Afya ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Shaka ilishika kasi kwa sababu kampeni ililenga wanawake wa umri wa kuzaa peke yao. Kumbe sababu ilikuwa kitovu: kikikatwa kwa wembe mchafu, mchanga hupata pepopunda, na kinga ya kumwokoa ni ile anayopewa na mama kabla hajazaliwa. Chanjo hiyo ya pepopunda imo ndani ya penta pia, na mjukuu wangu ameshaipata mara mbili.

Lakini sitakuambia kwamba hakuna kinachoweza kuharibika, ungeniona mwongo. Kisa ninachotaka ukijue ni cha Samoa, kule visiwa vya Pasifiki. Julai 2018 watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Chanjo haikuwa na kasoro. Ile ni unga, inayeyushwa kwa maji yake maalumu. Wauguzi wakachukua kichupa kingine, cha dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye nusukaputi, na kilikuwa kimeisha muda. Serikali ikasimamisha chanjo kwa miezi kadhaa, wazazi wakaogopa kurudi. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia nchi ile yenye watu kama laki mbili na kuua 83, wengi wao chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mimi hofu yangu siielekezi kwenye chanjo, naielekeza mezani kwa muuguzi, na meza unaweza kuiangalia mwenyewe.

Uangalie nini? Mwombe akuonyeshe kichupa kabla hajavuta. Kwenye lebo au kwenye kifuniko kuna duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Mraba ukifanana rangi na duara au kuzidi weusi, imepata joto, haifai hata kama tarehe haijafika. Kisha tarehe yenyewe. Kisha sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa mbele yako. Za siku hizi zikitumika mara moja zinajifunga, na zinatupwa kwenye kisanduku bila kurudishiwa kifuniko. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto na kusahau barafu, kumbe penta ikiganda imekufa, na kwa macho huwezi kuijua mpaka itikiswe na kuachwa itulie. Iliyoganda hushusha mashapo upesi. Kwenye surua ya miezi 9 ongeza swali moja: kichupa kimechanganywa saa ngapi? Kikishapita saa 6 ni cha kumwagwa. Ndiyo maana vituo vingine hukusanya watoto siku moja kabla ya kufungua kichupa cha dozi 10, na wewe unaona umerudishwa nyumbani bure. Ikikupata hivyo, usiondoke bila kuandikiwa tarehe.

Muuguzi mzuri hachukizwi na maswali haya. Kabla hajachoma mwambie kama mtoto alipata degedege, au alivimba uso na kuhema kwa shida baada ya dozi iliyopita. Mafua na joto dogo havizuii chanjo. Ukishachanjiwa, kaa pale nusu saa. Mzio mkali ni nadra sana, karibu mmoja kwa dozi milioni moja, lakini huja mapema, na dawa yake iko kituoni, nyumbani kwako haipo.

Usiku huo atalia, na paja la kushoto litavimba na kuwa gumu kidogo. Usilikande kwa maji ya moto, usilipake mafuta wala kitunguu. Kitambaa cha maji baridi kinatosha, na mnyonyeshe kila akitaka. Usimpe paracetamol kabla ya kwenda kwa kujihami, inaweza kupunguza nguvu ya kinga. Joto la kwapani likifika 38.5, mpe. Soma chupa kwanza: dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, kwa kilo zake 6 mpe mililita 2.5, upime kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kijiko cha chai kinadanganya. Dukani ipo nyingine ya miligramu 250, kipimo hicho hicho kwake kitakuwa zaidi ya mara mbili. Rudia baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Akilia mfululizo zaidi ya saa tatu, akilegea, akipata degedege, akikataa kunyonya, au homa ikipita siku mbili, mrudishe kituoni na kadi yake, ukasisitize waandike kwamba ni baada ya chanjo.

Jumanne mvalishe kaptula pana, siyo ile ya kuvuta hadi miguuni. Hakikisha wanaandika kwenye kadi tarehe na namba ya toleo la kila kichupa. Ukirudi, ipige picha kadi, unitumie na joto lake la saa mbili usiku.

Mama yako