Gumzo la sauti kwenye konsoli ya michezo ya Nintendo Switch bila simu: inawezekana?

Inategemea mchezo. Kwa Splatoon 2 na michezo mingine mingi ya Nintendo yenyewe, hapana: sauti inapita kwenye programu ya simu ya Nintendo Switch App (zamani Nintendo Switch Online). Fortnite haihitaji simu. Chomeka hedifoni yenye maiki kwenye tundu la milimita 3.5 la Switch na uongee.

Kama huna budi kutumia simu, ingia kwa akaunti ileile iliyo kwenye konsoli, ruhusu maiki, kisha fungua kwanza chumba cha mtandaoni (mahali pa kukutana na wenzako) ndani ya mchezo. Usipoanza na chumba, programu haikuonyeshi mahali pa kujiunga, na hapo ndipo wengi hudhani imeharibika. Sauti ikikatika skrini inapozima, iondoe programu kwenye orodha ya kubana betri.

Kero kubwa ni masikio: mchezo unalia kwenye Switch, wenzako kwenye simu. Usiunganishe vyanzo viwili kwa waya wa kugawanya sauti, maana kila kimoja hukilemea kingine na sauti hufifia. Tumia miksa ndogo (kifaa cha kuchanganya sauti), au acha mchezo ulie kwenye TV na uvae kipokea sauti cha simu sikio moja. Kwa kweli ni usumbufu usiostahili, kwani tundu la hedifoni lilikuwepo tangu 2017.

Switch 2, konsoli mpya zaidi, ina GameChat (huduma ya gumzo la sauti) na maiki ndani yake. Hata hivyo, kuiwasha GameChat mara ya kwanza kunahitaji namba ya simu ya kupokea ujumbe wa uthibitisho.