Maji ya Kufulia Yaishie Ndani ya Uzio Wako

Kwa miaka minne bomba la maji ya jikoni na bafuni nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, lilitokeza chini ya ukuta na kumwaga kwenye mtaro wa mvua, nami niliona ni jambo la kawaida kwa sababu karibu kila nyumba mtaani ilifanya hivyo. Jirani wa upande wa chini, ambaye maji hayo yalituama mbele ya geti lake, hakuliona hivyo. Mjumbe wetu alikuja na afisa afya, ambaye alinieleza kwa upole kwamba Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinahesabu maji hayo kuwa kero, kisha akanipa siku 14 za kurekebisha.

Fundi wa kwanza alitaka kuyaunganisha na shimo la choo. Nilikataa, kwani maji ya kufulia ya watu sita yangelijaza upesi, na kila safari ya gari la majitaka ni fedha. Tukachimba shimo la kunyonya maji, lakini halikumaliza hata mwaka. Nilipofunua mfuniko nilikuta mawe yamegandwa na utando mweupe mzito kama samli, wenye punje za wali na magamba ya samaki ndani yake. Mafuta ya jikoni yalikuwa yameziba udongo.

Kwa hiyo anza na chemba ya mafuta kati ya karo na shimo. Mdomo wa bomba la kutolea uinamishwe chini kwa kiwiko hadi uzame majini, ili mafuta yanayoelea na mashapo yaliyotulia chini yabaki ndani. Yetu naisafisha mwenyewe kila Jumamosi, kazi ya dakika kumi yenye harufu isiyoelezeka.

Kabla ya kuchimba, pima udongo: toboa shimo dogo la sentimita 30, lijaze maji, liache lilowe usiku kucha, kisha ujaze tena asubuhi. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo hapafai. Kaa angalau mita 30 kutoka kisima chochote, hata kile cha jirani, na ufunike shimo kwa zege lisilo na upenyo, maana mbu wanaoeneza matende hupenda kuzaliana kwenye maji machafu.

Maji ya kusuuzia nguo, yasiyo na jiki, tunamwagia migomba siku hiyo hiyo. Yakilala kwenye ndoo hunuka.

Waliojenga bondeni, ambako ukichimba mita moja tu unakuta maji, wasipoteze fedha kwa shimo la namna hii. Kwanza waulize DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kama mtandao wa majitaka umefika mtaani kwao. Kama haujafika, wajenge tangi lisilovuja na kuita gari la majitaka lilinyonye kabla ya masika.