Jibu: "Fundi kasema domeini ataisajili kwa imeili yake" – usimtumie hela bado!

Mdogo wangu wa Newala, simama hapo hapo. Hiyo hela kama bado iko kwenye simu, iache ilale.

Nimeyasoma maswali yako yote matano: jina la blogu ya korosho, hosti (kompyuta ya kuhifadhia blogu) ya ndani au ya nje, themu (muonekano wa blogu), picha, na hela ya matangazo. Ila jicho limegandia mstari ulioupitia mbio kama vile hauna maana: fundi wa tovuti wa Mtwara mjini amekuambia domeini, yaani anwani ya blogu mtandaoni kama ile inayoishia .com, ataisajili yeye, kwa imeili yake, "ili usisumbuke na mambo ya kitaalamu". Hapo ndipo pa kuzungumzia. Hayo mengine manne tutayakuta njiani, tukiyakuta.

Chukulia mtu kanunua shamba la mikorosho Tandahimba. Anapalilia, anapulizia salfa, anaokota, halafu karatasi ya mauziano imeandikwa jina la dalali. Utamcheka, si ndiyo? Sasa wewe unataka kuandika bei za mnada msimu mzima, watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) waanze kutuma linki yako kwenye magrupu ya WhatsApp, na karatasi iko kwa dalali.

Domeini huinunui, unaikodi. Ya .com unalipia kuanzia mwaka 1 hadi 10 kwa mkupuo. Anayetambulika kuwa mpangaji ni yule aliyeandikwa kwa msajili (kampuni inayosajili domeini), siyo aliyetoa hela wala aliyeandika makala. Muamala wako wa M-Pesa kwenda kwa fundi unathibitisha kitu kimoja tu, kwamba ulimpa fundi hela.

Sasa sikiliza fomu inavyojazwa, maana watu huibiwa kwenye fomu. Kuna kisanduku cha jina la mmiliki, cha taasisi, cha imeili na cha simu. Fundi mjanja anaweza hata kuandika jina lako kwenye mmiliki ukaona mambo safi, kumbe kwenye kisanduku cha taasisi kaweka ofisi yake. Kwa domeini za .com na wenzake, taasisi ikijazwa, taasisi ndiyo inayohesabika mmiliki, na jina lako linabaki la mtu wa kuwasiliana naye tu. Kama huna kampuni, kisanduku hicho kiachwe wazi. Kama unayo, liandikwe jina kama lilivyo kwenye usajili wa BRELA.

Kisha imeili, na hii ndiyo ufunguo wenyewe wa mlango. Nywila ikisahaulika, linki ya kuibadilisha inakwenda kwenye imeili. Msimbo wa kuhamisha domeini unakwenda kwenye imeili. Onyo la kuisha muda linakwenda kwenye imeili. Msajili wa .com anatakiwa kutuma onyo kama mwezi mmoja kabla, tena kama wiki moja kabla, na jingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Yote matatu yataangukia kwenye kikasha cha fundi, katikati ya matangazo ya viatu na onyo za wateja wake wengine. Wewe utakuja kujua siku msomaji wa Nachingwea atakapokupigia akuulize mbona blogu yako inauza kamari.

(Jina la blogu yangu ya zamani msiniulize. Siku hizi inatoa bonasi ya kujiunga, nasikia nzuri kweli.)

Wala si lazima fundi awe mwizi, na hilo ndilo linalonichefua zaidi, maana mwizi ungemkwepa. Huyu ni kijana mcheshi, anakuja na laptopu, anakuita bosi, ana akaunti moja kwa msajili iliyobeba domeini za wateja thelathini, na nywila kaiandika kwenye simu. Kesho simu inaangukia baharini Mikindani. Keshokutwa anapata ajira Dodoma na laini ya zamani anaitupa. Laini isipotumika muda mrefu mtandao unamgawia mtu mwingine. Au akaunti yake inafungiwa kwa kosa la mteja mwingine na wote mnazama naye. Ukimuuliza anakujibu "ipo tu kiongozi, nashughulikia". Hao mabingwa wa "kila kitu nitakufanyia" ningewapa adhabu moja tu: wamenye korosho mbichi kwa mikono mitupu, utomvu wake uwafundishe kushika cha mtu kwa adabu.

Muda ukiisha mambo huenda hivi kwa .com. Tovuti na imeili zinaweza kuzimika mapema sana, hata siku hiyo hiyo au siku chache baadaye. Msajili anaweza kukupa nafasi ya kulipa kwa bei ya kawaida, ambayo haivuki siku 45, na wengi huikata mapema na kuipeleka domeini kwenye mnada wao. Isipochukuliwa, inaingia siku 30 za kukomboa, na hapo unalipa faini juu ya ada, mara nyingi kubwa kuliko ada yenyewe. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote. Baada ya hapo ni ya yeyote, na kuna watu wenye programu zinazovizia sekunde ile ile. Wanavutiwa na linki ulizozipata kwa jasho. Habari ya korosho hawana. Na katika hatua zote hizo, mwenye haki ya kulipa na kukomboa ni mwenye akaunti. Wewe na hela yako mkononi unapiga simu inayosema mteja hapatikani.

Mtu atakuambia "si utafungua tu jina jingine". Hajui anachosema. Ukibadilisha jina huku la zamani ukilishika, unaweka uelekezo wa kudumu, ule wa 301, na kila linki ya zamani inampeleka msomaji pale pale alipotaka, Google nayo inahamishia jina jipya nafasi uliyokuwa nayo kwenye utafutaji, taratibu. Jina la zamani likiwa mikononi mwa mwingine huna pa kuuweka uelekezo huo. Linki zote za WhatsApp, Facebook, kadi ulizochapisha, vipeperushi vilivyobandikwa ghalani, vinampelekea wateja mgeni wako mpya. Na imeili ya info@ uliyowapa watu? Aliyeichukua domeini anaweza kuifungua upya na kupokea barua zako, pamoja na zile za kubadilisha nywila za akaunti ulizozifungulia humo.

Kushtaki? Upo utaratibu wa migogoro ya domeini, UDRP, na WIPO husikiliza. Ada ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500 za Marekani, na lazima uonyeshe una haki ya alama ya biashara na kwamba mwenzako aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Mwenye blogu ya bei za korosho asiye na alama iliyosajiliwa aanze kwa kupika ming'oko ale atulie kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wewe, kwa kidole chako.

Fungua imeili mpya ya kazi hii tu, ya bure kama Gmail inatosha. ISIWE imeili ya domeini hiyo hiyo. Watu werevu kabisa huteleza hapa: domeini ikizimika, imeili yake inazimika nayo, na onyo lako linatumwa kwenye kaburi. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya misimbo, usitegemee SMS peke yake, na zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea zichapishe, ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Fungua akaunti kwa msajili. Kwa .co.tz au .or.tz chagua kwenye orodha ya wasajili walioidhinishwa wa .tz, na wengi wanapokea malipo ya simu, huhitaji kadi. Kwa .com wapo wa ndani na wa nje. Linganisha bei ya KUHUISHA (kulipia tena muda ukiisha), siyo ya mwaka wa kwanza. Ile ya kwanza ni chambo. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana ukija kudai utaombwa kitambulisho, na "Mdau wa Korosho" hana NIDA.

Ukilipa, itakuja imeili ya kuthibitisha anwani. Ifungue siku hiyo hiyo. Kwa .com una siku 15, zikipita bila kubofya domeini inasimamishwa, na wewe utadhani ni mtandao wa Newala. Angalia na kwenye barua taka.

Washa kufuli ya uhamisho, domeini isihamishwe kwa msajili mwingine bila wewe. Washa kujihuisha (domeini ijilipie yenyewe), lakini usikutegemee: kadi ya mtandaoni ya simu isiyo na salio siku ya makato ni sawa na kutokuwa na kadi. Lipia miaka 2 au 3 kabisa, uweke kengele kwenye kalenda ya simu siku 60, 30 na 7 kabla.

Fundi sasa mpe kazi yake, na usimpe nywila ya msajili. Akihitaji kuielekeza domeini kwenye seva, akutumie majina ya nemseva (seva zinazoonyesha domeini ielekee wapi), huwa mawili au zaidi, uyabandike mwenyewe. Au akupe rekodi ya A, mstari wa mipangilio wenye namba ya seva (IP). Ni kazi ya dakika tano. Mabadiliko ya nemseva yanaweza kuchukua hadi saa 24 au 48 kuenea, usianze kubonyezabonyeza katikati. Ndani ya WordPress, kama ndiyo programu ya kuendeshea blogu yako, mfungulie akaunti yake, akimaliza unaifuta.

Na kwa wale mnaosoma kimya kimya huku domeini zenu ziko kwa fundi tayari, nawaona. Ombeni leo mkiwa bado mnaongea vizuri. Njia nyepesi ni fundi kuisukuma domeini kwenda kwenye akaunti yako kwa msajili yule yule. Wengi hawatozi na inaisha siku hiyo. Ukitaka kuhama msajili, utahitaji kufuli ifunguliwe na msimbo wa uhamisho, msajili wa .com akiombwa anatakiwa autoe ndani ya siku 5, na uhamisho wenyewe unaweza kuchukua siku 5 nyingine. Domeini yenye umri chini ya siku 60 haihami. Tena kuna mtego: kubadilisha jina la mmiliki au imeili yake kunaweza kufunga uhamisho kwa siku 60, isipokuwa msajili akikuruhusu kuikataa kufuli hiyo kabla ya kubadilisha. Usianze haya ukiwa umebakiza wiki mbili muda uishe. Na kabla ya kugusa chochote, piga skrinshoti ya rekodi zote za DNS (mipangilio inayoelekeza domeini kwenye tovuti na imeili): A, CNAME, MX na TXT. Ukisahau MX, ile ya imeili, tovuti itafunguka vizuri na imeili zitapotea, utamlaumu mchawi.

Kuangalia umiliki wa .com kuna lookup.icann.org, lakini majina mengi sasa yamefichwa kwa faragha, kwa hiyo usibabaike ukikuta hayaonekani. Mimi napima hivi: kama saa nane za usiku, bila kumpigia mtu yeyote, huwezi kuingia na kutoa msimbo wa uhamisho, domeini si yako. Basi. Hata kama jina la blogu ni jina la bibi yako.

Hosti sasa. Ndani au nje siyo hoja kubwa kwa blogu ya kuanzia, mradi hosti na domeini visiwe chini ya fundi mmoja. Seva ya nje ina siku zake: Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulivyozorota tuliona wote. Ila kwa blogu ya maandishi na picha chache, kwa nini ulipie hosti kabisa? Fungua Blogger, huduma ya blogu ya Google, bandika domeini yako: CNAME ya www ielekee ghs.google.com, na CNAME ya pili ya uthibitisho watakayokupa wenyewe. Gharama inabaki domeini tu. Ukikua, unahamia WordPress na jina lile lile, msomaji hajui kitu. Hiyo ndiyo raha ya kushika karatasi yako.

Picha: upana pikseli 1200 unatosha, aina ya faili WebP, kila moja isizidi KB 150. Mtu wa Liwale anafungua kwa bando la siku, usimshushie picha ya MB 4 ya gunia la korosho.

Themu sikumbuki uliuliza nini. Usitumie ya wizi.

Matangazo, yaani AdSense ya Google: hela haitoki mpaka ifike dola 100, na ukifika dola 10 wanatuma PIN ya kuthibitisha anwani kwa barua ya posta ya kweli, ya karatasi. Tafuta sanduku la posta la mtu unayemwamini pale Newala. Na hiyo akaunti nayo, mdogo wangu, fundi asiifungue kwa imeili yake.