Kabla hujabadilisha nchi ya bloku nzima

Wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu kwenye jedwali la nchi za anwani za IP, yaani linaloonyesha kila anwani ya intaneti ni ya nchi gani, wiki hii nimewaona mkirudia kosa lililoninyima usingizi nilipokuwa mgeni kama ninyi, nami nimeona ni afadhali niwaandikie kuliko kuendelea kurudisha mabadiliko yenu kimyakimya kila jioni.

Kwanza, msimbo wa nchi ulio kwenye faili la mgao la AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, hauwaambii mtumiaji yuko wapi. Unamhusu aliyepewa anwani. Tuliokuwapo kabla ya kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM kuanza kazi mwaka 2009 tunazikumbuka ofisi zilizotegemea setilaiti na kupewa anwani za vituo vya Ulaya, hata mtu aliyekaa Sumbawanga akaonekana yuko Ulaya bila kuvuka hata mto Rufiji.

Pili, msibadilishe bloku nzima, yaani kundi la anwani zinazofuatana, kwa malalamiko ya mtu mmoja. Hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mteja aliandika kwa hasira kwamba yuko Nairobi kwa siku ya tatu, na huduma iliyotumia jedwali letu bado inamwona yuko Tanzania. Anwani yake ilikuwa ndani ya bloku ya /16, yaani anwani 65,536, ambayo kwetu ilikuwa mstari mmoja wenye TZ. Nilimwamini, na kweli alikuwa Nairobi; nilichokosa kumwuliza ni laini yake ya nchi gani. Alikuwa na laini ya Tanzania, akitumia romingi, na katika romingi ya kawaida data ya mteja hurudishwa kwanza hadi kwenye mtandao wa nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti, kwa hiyo anwani yake ilikuwa ya Tanzania kwa haki kabisa. Mimi nikaifuta TZ, nikaandika KE, nikafunga tiketi na kwenda nyumbani nimeridhika.

Jumamosi asubuhi watu wa Mwanza, Dodoma na Mtwara walikuta bei kwa shilingi ya Kenya, na fomu ya malipo iliyodai namba ya simu inayoanza na 254 ikazikataa 255 zao. Mama mmoja aliyekuwa akilipia ada ya mtihani ya mwanawe siku ya mwisho alipiga simu mara nne. Ya nne niliipokea mimi, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa pole, nikijua kwamba pole hailipi ada. Kuirudisha TZ kulinichukua dakika mbili, lakini nakala za jedwali zilikuwa zimeshachukuliwa na wateja wetu, wengine wakiwa wanasasisha mara moja tu kwa mwezi, na malalamiko yaliendelea kuingia kwa wiki tano. Kila nilipofungua barua mpya niliisikia sauti ya yule mama.

Tangu siku hiyo sigusi mstari bila ushahidi wa namna mbili: kauli ya mtandao wenyewe, na kipimo cha muda ambao ujumbe huchukua kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za kebo husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo jibu likirudi kwenye seva ya Nairobi baada ya milisekunde 2, kifaa kilichojibu hakiwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 200, hata rejista iseme nini.

Tatu, misimbo: CD ni Kongo ya Kinshasa na CG ni ya Brazzaville, Uingereza ni GB ingawa tovuti zake huishia na .uk, EU si nchi, na NA ni Namibia, ambayo pandas, zana ya Python tunayosomea majedwali, huisoma kuwa nafasi tupu msipoizuia.

Nne, safu ya tano ya faili la mgao kwa IPv4 ni idadi ya anwani, si urefu wa kiambishi, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani inayotambulisha bloku (kama 16 katika /16), na mgao wa anwani 768 hautoshei katika bloku moja.

Tano, mtandao ukichapisha faili la maeneo la RFC 8805, yaani orodha yake mwenyewe ya anwani zake na mahali zinapotumika, lisomeni kwanza, ila hakikisheni kila kiambishi kimo ndani ya bloku za mwenye faili.

Sita, msichokijua kiacheni wazi. MaxMind, kampuni yenye jedwali kama letu, iliziweka anwani zilizojulikana tu kuwa za Marekani kwenye nukta moja karibu na katikati ya nchi, na nukta hiyo ikaangukia shamba moja karibu na Potwin, Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa zinaelekeza hapo, na waliokaa shambani wakavamiwa kwa miaka na polisi na watu waliotafuta wezi wa mtandaoni, mpaka habari ilipotoka mwaka 2016 na nukta ikahamishiwa ziwani. Namba za nukta ile ramanini zilikuwa sahihi kama alama ya "mahali fulani Marekani". Aliyezisoma kama anwani ya nyumba ndiye aliyebisha hodi kwa watu wasiohusika.

Tiketi ya Jumanne, ya yule mteja anayesema yuko Kigali, nimeifungua upya. Mwulizeni laini yake ni ya nchi gani, mniandikie jibu lake humo humo, na mstari wa bloku ubaki ulivyo hadi nitakapouona.